Siku Mitsue Aliposimama

Ukitaka kumjua Mitsue Karasawa, usianze na udiwani wake. Anza na mkasi. Amekata nywele kijijini Oritani kwa miaka hamsini na mitatu, na hakuna kichwa kule mlimani, chenye nywele au chenye upara, ambacho hajakishika. Wateja humwita Mheshimiwa, nusu heshima nusu utani, naye huwajibu kwa kuwainamisha shingo kwa nguvu kuliko kazi inavyotaka. Saluni yake ina viti viwili. Kimoja cha mteja, na kingine kilikuwa cha marehemu mumewe Teruo, ambacho tangu afe hukikalia paka tu.

Udiwani wenyewe hakuutafuta. Kila kijiji cha mji wa Tochinaka hukubaliana kimyakimya nani apelekwe barazani, na mwaka ule Oritani walishindwa, kwa sababu kila mwanamume aliyefaa alikuwa na ugomvi na mwanamume mwingine aliyefaa. Huyu alichepusha maji ya shamba la yule, yule alikata mwerezi wa huyu. Mitsue alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, hana kesi na mtu, na wagomvi wote walipita mikononi mwake kila mwezi. Wakampeleka yeye. Walidhani wamempeleka mtu mpole.

Madiwani walikuwa kumi na wanne, mwanamke yeye peke yake, na aliyedhani Mitsue kaletwa pale kuwamiminia wenzake chai alikiona cha mtema kuni. Alipinga ada ya maji kupandishwa. Alipinga madiwani kwenda kuoga kwenye chemchemi za maji moto kwa jina la ziara ya mafunzo, na safari ilipopitishwa hata hivyo, akabaki nyumbani na wali wake na achari ya figili. Sheria ndogo iliyotoka mikononi mwake ni moja tu: kwamba theluji ikianguka, magari ya kuiondoa yaanze na njia za kwenda shuleni, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ndipo yaende kwenye barabara ya ofisi ya mji. Meya alisema haiwezekani. Ikapita, na ikawezekana.

Lakini haya yote hutayakuta kwenye kumbukumbu za baraza. Katika baraza la Tochinaka kura hupigwa kwa miguu. Mwenyekiti husema, "Wanaokubali, naomba wasimame." Wanaotaka husimama, wasiotaka hubaki vitini, mwenyekiti hutupa jicho, na karani huandika maneno yaleyale ya tangu enzi za babu yake: waliosimama ni wengi, hoja imepita. Jina la mtu halimo. Uchaguzi ukifika, kila diwani huenda kuwaambia watu wake kile wanachopenda kusikia, na hakuna wa kumsuta. Ni mpango mzuri sana kwa mwenye la kuficha.

Mitsue hakuupenda. Tangu kikao chake cha kwanza alikuwa akirudi nyumbani, kabla hata ya kuvua koti, anaiendea kalenda iliyotundikwa kando ya kioo, ile inayogawiwa kila mwaka na chama cha ushirika, na kuandika kwa kalamu nyekundu. Kama alisimama, duara. Kama alikaa, msalaba. Pembeni aliongeza neno moja: maji, ziara, daraja, theluji. Mwaka ulipoisha aliiviringisha kalenda na kuitia ndani ya debe kabatini, pamoja na dawa ya nondo. Miaka kumi na miwili, kalenda kumi na mbili. Na katika mojawapo palikuwa na duara moja ambalo halikuonwa na mtu ila yeye.

Miaka tisa baada ya kustaafu, mwanzoni mwa Novemba, Chinatsu Urabe aliingia saluni. Huyu ndiye diwani wa Oritani wa sasa, mwanamke wa miaka thelathini na sita aliyehamia kutoka mjini pamoja na mume na mtoto, wakachukua nyumba iliyokuwa haina mtu.

"Hodi, Mama Karasawa. Umeshindaje?"

"Nimeshinda nangoja vichwa. Keti. Hizo nywele umekatwa na nani, mbuzi?"

"Mume wangu."

"Basi sikukosea sana."

Chinatsu alicheka, akakaa, akafungwa kitambaa shingoni, kisha akasema lililomleta. Desemba alikuwa anapeleka barazani sheria ndogo kwamba kila kura iandikwe kwa jina, nani amekubali na nani amekataa. Wazee wa baraza walikuwa wanamwambia haiwezekani, karani atachoka, mji utagawanyika.

"Nimesikia una kalenda," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Mzee Aramaki. Anasema aliziona hapo kando ya kioo miaka yote, akadhani ni siku za kutoa taka."

"Aramaki na taka ni ndugu. Unazitakia nini?"

"Nizitundike ukumbini, zote kumi na mbili. Wakiniambia haiwezekani, nitawaambia kinyozi mmoja aliweza, kwa kalamu moja."

Mitsue alipenda jibu hilo. Alikuwa ameanza kutabasamu kwenye kioo Chinatsu alipoongeza la pili.

"Halafu Jumapili tunamaliza majina ya jiwe, maana Jumatatu fundi anaanza kuchonga. Jirani yako Bi Haruyo ameshasema la kwako litatangulia."

Kitana kilisimama kichwani mwa Chinatsu. Jiwe lenyewe lilikuwa la shule ya msingi ya Oritani, iliyofungwa miaka kumi na moja kabla. Waliosoma pale walikuwa wamechanga walisimamishe uani, mbele jina la shule na miaka yake, nyuma orodha yenye kichwa cha habari: Walioitetea shule. Nani hakujua kwamba Mitsue aliitetea? Alisema barazani kwamba shule ikifa kijiji kitaifuata kaburini, na gazeti la mji likayachapa maneno hayo. Kura ilipopigwa, kila mtu Oritani alijua kwamba diwani wao hakusimama. Hawakuona kwa macho. Walijua tu.

"Nipe mpaka Jumapili," Mitsue alisema. "Inama nikukate nyuma."

Siku ya kura ilikuwa Machi, na theluji ilikuwa imefunga njia ya mlimani, kwa hiyo viti vya wasikilizaji vilikuwa vitupu. Mitsue alikuwa amelala mjini ili asikose kikao. Alisema maneno yake, akakaa. Mwenyekiti akasema, "Wanaokubali, naomba wasimame." Viti vikakwaruza sakafu kushoto, vikakwaruza kulia, na Mitsue akasimama.

Hakuhongwa. Hakutishwa. Alisoma katika shule ileile ya Oritani miaka sita, na kila asubuhi ya miaka hiyo ilianza kwa maneno yaleyale: simameni, inameni, kaeni. Viti vya wenzako vikikwaruza, unasimama. Mwili ulikuwa umefunzwa kabla ya akili kuanza kazi. Alipojitambua alikuwa anatazama kisogo cha diwani wa mbele yake, na bado alikuwa na nafasi ya kukaa, hakuna sheria inayomzuia mtu kukaa. Ila aliona haya. Mwanamke peke yake, akae tena mbele ya watu kama aliyesahau kitu? Ilikuwa pumzi mbili, labda tatu. Waliosimama ni wengi, hoja imepita. Hata angekaa ingepita, na faraja hiyo haijawahi kumsaidia hata siku moja.

Kesho yake njia ilipofunguliwa, basi lilimteremsha Oritani, akamkuta Haruyo Nemoto amesimama kwenye theluji. Haruyo ni jirani yake, walikaa dawati moja utotoni, na alikuwa mpishi wa shule ile kwa miaka ishirini na miwili. Mkononi alikuwa na chupa ya supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, ya moto.

"Najua hukusimama, mwenzangu," alisema. "Ulichoweza umekifanya. Kunywa, una baridi."

"Ahsante," Mitsue akasema.

Neno hilo moja ndilo lililomfunga. Laiti angesema, "Nilisimama," yangekwisha palepale kwa machozi na matusi. Alikwenda nyumbani, na kabla ya kuvua koti akachora duara, pembeni akaandika: shule. Kalenda hakuidanganya.

Majira ya baridi yaliyofuata magari ya theluji hayakupanda tena Oritani. Sheria yake ilisema njia za shuleni, na shule haikuwapo. Watoto tisa walikuwa wanangoja basi la kwenda mjini theluji ikiwafika mapajani. Mitsue alipigana mwaka mzima barazani, akabisha kila mlango, mpaka sheria ikabadilishwa isome kwamba njia huanzia mlangoni kwa kila mwanafunzi, popote shule yake ilipo. Watu wakasema, mnaona anavyoipenda shule. Kilemba cha ukoka kikazidi kumkaza kichwa, na kila vuli Haruyo aliendelea kumletea achari ya kwanza ya figili.

Basi wiki ile ya Novemba alitoa debe kabatini, akaifungua kalenda ya mwaka ule mezani, akaweka mkasi kando yake. Kunyofoa ukurasa mmoja ni kazi gani? Panya wangesingiziwa. Mkasi uliokata vichwa vya kijiji kizima ulikaa pale siku mbili na karatasi haikuguswa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa imefika miaka kumi na moja, na ilikuwa imemchosha. Akakata shauri kwamba hataacha duara lile lichongwe kwenye jiwe kana kwamba lilikuwa msalaba.

Alitaka kumwambia Haruyo kwanza, wakiwa wawili. Jumamosi alikwenda mpaka mlangoni kwake, akamkuta anakatakata figili, akapewa kipande aonje, akakisifu, akarudi nyumbani. Uoga una adabu nyingi sana.

Jumapili alasiri walikutana katika darasa la zamani, watu kumi na mmoja kwenye viti vya watoto, birika likichemka juu ya jiko la mafuta. Haruyo ndiye aliyeongoza, Chinatsu akawa mwandishi. Mitsue alikuja na debe zima kwapani. Haruyo alianza kusoma orodha, na jina la kwanza tu Mitsue akamkatiza.

"Langu litoe."

"Acha unyenyekevu, Mheshimiwa," alisema mzee Aramaki, mwenye miaka themanini na miwili na ulimi wa kijana. "Tumeshazoea kukusifu. Uzee huu tuanze kutafuta mwingine?"

Watu walicheka. Mitsue alipiga moyo konde, akaitandaza kalenda juu ya meza na kuweka kidole kwenye Machi.

"Siku ile nilisimama," alisema.

Haruyo alitazama kidole. "Ulisimama kufanya nini?"

"Kukubali shule ifungwe."

Mitsue hakungoja aulizwe, wala hakumung'unya maneno. "Sina kisingizio. Viti vilikwaruza, nikasimama. Sikuwa nimefikiri. Nilipofikiri nilikuwa nimeshasimama, nikaona haya kukaa."

"Na ile supu?" Haruyo akauliza polepole.

"Niliinywa."

"Nilikwambia najua hukusimama. Ukasema ahsante."

"Nilisema."

Haruyo alikunja ile orodha mara mbili, akaikunjua tena. Aramaki akaona mambo yanaharibika na yeye ni mtu asiyependa chai ipoe, akainua mikono. "Jamani, ya kale yamepita. Huyu mama katuhangaikia maisha yake yote. Tusiharibu siku. Wanaotaka jina libaki wasimame, tumalize, tunywe chai."

Viti vikakwaruza sakafu. Walisimama wote. Chinatsu alisimama, Aramaki alisimama kwa kushikilia meza, Haruyo naye alisimama, ingawa uso wake haukuwa umekubali chochote. Magoti ya Mitsue yalitaka kuwafuata. Aliyasikia yanavyotaka, miaka sabini na mitano na bado yana utii wa mtoto wa darasa la kwanza. Akashika kiti kwa mikono miwili, akakaa.

"Mwandishi," alisema, "andika kwamba mmoja amekaa. Na jina lake uandike. Sasa ninyi kaeni, na kila mtu ataje jina lake, aseme libaki au litoke, Chinatsu aandike. Mkiamua libaki, nitanyamaza."

"Kwani sisi baraza?" Aramaki akanung'unika.

"Baraza halifanyi hivyo, Mzee. Ndiyo maana nawaomba ninyi. Anza wewe."

Aramaki alitazama jiko. Dakika moja nyuma alikuwa ndiye wa kwanza kusimama. Akakohoa, akataja jina lake kana kwamba ni la mtu mwingine. "Kinji Aramaki. Mjukuu wangu alipanda lile basi saa moja kasorobo miaka minne. Alikuwa anatapika kwenye kona za mlima." Akamgeukia Mitsue. "Litoke. Nisamehe, Mheshimiwa."

"Hakuna la kusamehewa. Anayefuata."

Aliyefuata alisema libaki, kwa ajili ya theluji. Mwingine akasema litoke, akilia. Chinatsu alitaja jina lake na kusema libaki, maana aliyechora duara lile wakati hakuna anayemwona alikuwa anastahili jiwe lake peke yake. Watu walewale waliosimama pamoja kama ndege wa mti mmoja, sasa kila mmoja alikuwa na lake. Mitsue alisema litoke. Kila "litoke" lilimuuma, asikudanganye mtu, na bado alitaka kuyasikia yote mpaka la mwisho. Ilipofika zamu ya Haruyo, sita walikuwa wameshasema litoke na wanne libaki.

"Limeshaamuliwa, Bi Haruyo," Aramaki alimwambia kwa upole. "Huna haja ya kusema."

"Haja ninayo. Andika, Chinatsu. Haruyo Nemoto. Litoke." Kisha akamgeukia jirani yake. "Na nimelisema nimekaa, na nimefikiri."

Hakuna aliyekunywa chai. Mitsue alimwachia Chinatsu debe, akatembea nyumbani akilia waziwazi barabarani, na hakuharakisha. Alipofika aliiendea kalenda ya kando ya kioo, ambayo hakuwa ameiandika tangu astaafu. Kabla ya kuvua koti akachora msalaba.

Desemba kalenda zilitundikwa ukumbini, na ukurasa wa Machi ndio uliokusanya watu. Sheria ya Chinatsu ilipita. Waliosimama ni wengi, karani aliandika, na mpaka leo hakuna anayejua kwa hakika ni madiwani gani waliobaki vitini siku hiyo, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kura ya mwisho isiyo na majina. Jiwe nalo lilisimama uani. Fundi aliacha nafasi ndogo pale juu, mahali jina la kwanza lingeanzia, kwa kuwa alikuwa ameshalipima.

Haruyo hakuja. Novemba ikaisha bila achari, Desemba ikaisha. Walipokutana njiani aliinama kama anavyoinamiwa mgeni, akapita. Mitsue hakumfuata wala hakumpelekea zawadi. Alifungua saluni kila siku saa mbili na kuifunga saa kumi na moja.

Mwishoni mwa Januari, theluji ikiwa imeshaondolewa mlangoni kwa kila mwanafunzi, mlango ukasukumwa. Haruyo aliingia, nywele zimeshafunika masikio, akamfukuza paka kwenye kiti cha Teruo na kukaa mwenyewe.

"Bado nina hasira," alisema.

"Najua."

"Usinisemeshe. Kata."

Mitsue alimfunga kitambaa, akalowesha nywele, akakata. Upande wa kulia ulikwisha bila neno. Alipohamia kushoto Haruyo alizungumza, akitazama kioo.

"Nilikwenda ukumbini kuiona. Duara lile, ulilichora siku ileile?"

"Siku ileile. Sijavua hata koti."

"Kwa hiyo supu yangu ikiwa bado ya moto tumboni mwako, wewe uliiambia kalenda."

"Niliiambia."

"Ungeniambia mimi."

"Ndiyo," Mitsue akasema. "Ningekwambia wewe."

Haruyo alifumba macho. Mkasi ulisubiri juu ya sikio lake.

"Punguza na huku nyuma," alisema Haruyo. "Umeacha ndefu."